Uulize Ufa Kabla ya Kuuziba

Somo kwa wenye nyumba, na kwa wale wanaojiandaa kujenga au kununua



Kila mmoja wetu anaijua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, wala sikuwahi kuifikiri sana mpaka ilipofika nyumbani kwangu. Mimi ufa niliuziba. Niliuziba mara tatu, na ukuta nikaujenga vilevile. Katika somo hili nataka kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, maana naona wengi katika mtaa wetu wanafanya kosa lile lile, na vijana wetu wengine wanaingia katika madeni ili kununua nyumba zilizopakwa rangi jana.

Nyumba yangu niliijenga mwaka 2008 kwa matofali ya kuchoma, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, kama ilivyo kawaida yetu huku chini ya milima ya Usambara. Mwaka 2010 ufa mwembamba ulitokea katika chumba cha pembeni. Ulianzia kwenye kona ya chini ya dirisha, ukashuka kwa kupindapinda kama ngazi hadi sakafuni. Nilimwita fundi, akakoroga saruji, akaujaza, akapaka rangi. Baada ya masika ya pili ukarudi, tukaujaza tena. Mwaka 2013 ukarudi ukiwa mpana zaidi. Tukaujaza mara ya tatu, na safari hiyo nikaweka kabati mbele yake. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili 2014, mvua kubwa ikinyesha, ukuta ule uliangukia ndani.

Chumba kile alikuwa akilala mama yangu mzazi. Siku hiyo alikuwa amekwenda kwa dada yangu kwenye ubatizo wa kitukuu chake, na mvua ikamzuia kurudi. Asubuhi tulikuta matofali juu ya kitanda chake. Aliporudi aliyatazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, usiku nilikuwa nikiusikia upepo nyuma ya kabati. Lakini wewe ni mwalimu, ulisema umekwisha kuuziba, nami nikanyamaza." Maneno hayo sijayasahau.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa hesabu alitukataza kusahihisha daftari kwa kuchora mikasi tu. Alisema kwamba jibu lisilo sahihi huonyesha mahali ambapo mtoto alipotea njia. Mwalimu asipopatafuta mahali hapo, mtoto atakosa tena kesho. Nilifundisha hivyo maisha yangu yote, lakini ufa wa nyumba yangu niliupiga mkasi tu. Ufa ni jibu. Hatuna budi kutafuta hesabu iliyolileta.

Kuhani aliyekagua nyumba

Wengi hawajui kwamba jambo hili limo katika Biblia. Someni Mambo ya Walawi 14, kuanzia aya ya 33. Hapo mwenye nyumba anaona mabaka ya rangi ya kijani au nyekundu yaliyobonyea ukutani, naye anakwenda kumwarifu kuhani. Angalieni mpango wa kazi. Kwanza, vitu vyote vinatolewa nje ya nyumba. Pili, kuhani anaingia na kutazama. Tatu, nyumba inafungwa siku 7, kisha anarudi kutazama kama mabaka yameenea. Nne, yakiwa yameenea, mawe yale mabovu yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, na kuta zinakwanguliwa. Mawe mapya na lipu mpya huja baada ya hayo yote. Na kama mabaka yakirudi tena, nyumba inabomolewa.

Tusiingie hapa katika maana ya sheria ile kwa Waisraeli. Nataka mwone utaratibu wake tu: toa vitu, tazama, ngoja, tazama tena, ondoa kibovu, ndipo upake. Sisi aghalabu tunaanza na lipu. Tena mimi niliweka kabati mahali ambapo kuhani angeliondoa.

1. Maji ndiyo adui wa kwanza

Kasoro nyingi za nyumba zetu, ukizifuata hadi mwanzo wake, utakuta maji. Hebu tufanye hesabu kidogo. Nyumba yenye paa la urefu wa meta 10 na upana wa meta 8 ina eneo la meta za mraba 80. Mvua ya milimeta 50 ikinyesha kwa siku moja, jambo ambalo si geni wakati wa masika, paa hilo hupokea lita 4,000. Hayo ni mapipa 20 ya lita 200. Ikiwa paa lina pande mbili na halina mifereji, mapipa 10 yanamwagwa kwenye mstari mmoja chini ya ukuta wa upande huu, na mapipa 10 upande wa pili. Hiyo ni siku moja. Fikirini msimu mzima, kisha miaka sita.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Baada ya ukuta kuanguka alikuja fundi mwashi mzee. Hakushika mwiko. Alishika jembe na sururu, akachimba kwenye kona kiasi cha futi tatu, akaniita nitazame. Wakati wa kujenga tulichimba upande wa juu wa mteremko na kuumwaga udongo wake upande wa chini ili tupate uwanja ulio sawa. Kwa hiyo nusu ya nyumba ilikaa juu ya ardhi ngumu, na chumba cha mama kilikaa juu ya kifusi. Kila masika maji ya paa yalikilowesha kifusi kile, nacho kikazama kidogo. Msingi ukazama nacho, na ukuta ukapasuka. Saruji yetu ilikuwa ikijaza pengo tu. Chini, ardhi iliendelea kuzama.

Kwa hiyo, mtu anayetaka kulinda nyumba yake na aanze nje:

(a) Ardhi inayoizunguka nyumba sharti iiname kwenda nje, maji yasisimame kwenye kuta.

(b) Wekeni mifereji kwenye paa na kuyaongoza maji hadi kwenye tangi, au mbali na msingi. Mfereji uliotoboka juu ya kona moja ni mbaya kuliko kutokuwa na mfereji, maana unakusanya maji yote na kuyamwaga mahali pamoja.

(c) Zungusheni nyumba kwa sakafu nyembamba ya zege yenye upana wa futi mbili au tatu, ikiinamia nje.

(d) Bomba linalovuja, karo la choo lililopasuka, na mahali pa kuogea pasipo na njia ya maji, vyote vinafanya kazi ya mvua hata wakati wa kiangazi.

(e) Mnaojenga kwenye mteremko, chimbeni msingi mpaka mfike kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa, hata kama upande mmoja utakuwa na kina kikubwa kuliko mwingine.

2. Jinsi ya kusoma nyufa

Nyufa zote si sawa. Nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye lipu kama ramani, kwa kawaida zimetokana na lipu kukauka haraka. Hizo hazidhuru ukuta. Lakini nyufa nyingine zina habari ya kusema, na namna ulivyo ufa hueleza mengi.

Ufa unaokwenda mshazari, au kama ngazi kwa kufuata maungio ya matofali, mara nyingi hueleza kwamba sehemu moja ya msingi imezama au imeinuka. Ufa uliosimama wima mahali nyumba ya zamani inapokutana na chumba kilichoongezwa hueleza kwamba misingi miwili haiendi pamoja. Ufa ulio juu ya dirisha au mlango huonyesha kwamba lenta ni dhaifu, ni fupi, au haipo. Ufa wa kulala, karibu na juu ya ukuta, huenda ukaonyesha kwamba kenchi za paa zinausukuma ukuta kwenda nje.

Mahali penye udongo mweusi wa mbuga pana shida yake. Udongo huo huvimba unapopata maji na kusinyaa unapokauka, hata ukapasuka wenyewe. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Nyufa zake hufunguka kiangazi na kujifunga masika, kisha mwenye nyumba hudhani zimepona. Miti mikubwa iliyo karibu na ukuta huongeza tatizo hilo, kwa sababu hunyonya maji ardhini upande mmoja.

Sasa, mtajuaje kama ufa bado unakua? Chukueni penseli. Wekeni alama kwenye kila ncha ya ufa na kuandika tarehe. Kisha pimeni upana wake kwa rula mahali pamoja palipowekwa alama, na kuandika milimeta ukutani pale pale. Rudieni kila mwezi, masika na kiangazi. Njia nyingine ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kila upande kwa saruji kidogo. Ukuta ukisogea, kioo kitavunjika. Vitu hivi havina gharama, na mtoto wa darasa la tano aweza kuandika vipimo.

Ufa usiofika milimeta 1 haupaswi kumnyima mtu usingizi. Wa milimeta 1 hadi 5 uangaliwe kwa penseli kama nilivyoeleza. Ukizidi milimeta 5, yaani unakaribia unene wa penseli, mwiteni mtu anayejua. Ukizidi milimeta 15, au ukuta ukiinama, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kugoma, mtu asilale katika chumba hicho mpaka kikaguliwe. Ningelijua hili mwaka 2013, mama angelala sebuleni.

3. Unyevu ukutani

Unyevu nao una njia zake, na njia yake hujulikana kwa mahali alama zinapoonekana. Alama zikiwa chini ya ukuta na kupanda hadi kiunoni, zikiacha mstari na unga mweupe kama chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini. Zikiwa juu, karibu na dari, maji yanatoka kwenye paa. Zikiwa katikati, mahali pamoja, tafuteni bomba au ufa wa nje. Zikiwa ni ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya makabati, huenda chumba hakipati hewa ya kutosha.

Nyumba ya matofali iliyojengwa vizuri ina tabaka la karatasi nzito ya lami juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande. Lakini tabaka hilo halina faida kama udongo umerundikwa nje juu zaidi yake. Hapo maji huruka kizuizi na kuingia ukutani kama mwizi anayepanda kichuguu kuruka ua.

Nyumba za miti na udongo, na za matofali mabichi, zisidharauliwe. Zikipewa msingi wa mawe ulioinuka na paa lenye upenu mpana, hukaa miaka mingi. Kosa kubwa ni kuzipiga lipu ya saruji ngumu ili zifanane na za mjini. Udongo huvuta unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani. Baada ya misimu michache lipu hubanduka kama ganda la yai, na udongo wa nyuma yake unakutwa umelainika. Hali ni hiyo hiyo kwa majengo ya zamani ya pwani yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama yale ya Mji Mkongwe, Unguja. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

4. Paa na mbao zake

Paa hukaguliwa mara mbili: mchana wa jua, na wakati wa mvua. Mchana ingieni ndani ya dari mkafunge mlango na kuzima taa. Kila tundu la msumari litaonekana kama nyota. Tazameni mabaka ya kahawia kwenye mbao, kwa maana hapo maji yamepita.

Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa wimbi, si kwenye bonde lake ambako maji hupita. Kofia ya paa iwe imefunika vya kutosha pande zote mbili. Mnaponunua bati, kumbukeni kwamba namba ya geji inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Na kenchi zifungwe barabara kwenye kuta au lenta, kwa sababu upepo haulisukumi paa kwenda chini tu, bali pia hulinyanyua.

Mchwa hawapigi hodi. Tafuteni vinjia vyao vya udongo kwenye msingi, nyuma ya fremu za milango, na kwenye pembe za kuta mpaka juu. Gongeni mbao kwa mpini wa bisibisi; ikilia kama debe tupu, ichomeni kwa ncha. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyoliwa hupokea bisibisi kama mkate.

Wenye nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto wasizitoboe, wasizisugue wala kuzivunja. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Kuziondoa ni kazi ya watu wenye vifaa.

5. Matofali na zege

Tofali la saruji lenye inchi 6 kwa 9 kwa 18 lina ujazo wa inchi za ujazo 972, yaani karibu lita 16. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Basi muuzaji akijisifu kwamba mfuko mmoja humpa matofali 50, pigeni hesabu: 50 mara 16 ni lita 800. Sehemu moja ya saruji imetawanywa katika sehemu zaidi ya 20 za mchanga. Hilo ni tofali kwa sura tu. Likwaruzeni kwa msumari; likimomonyoka kama sukari guru, mwacheni nalo.

Hata tofali la mchanganyiko mzuri huharibika likianikwa juani siku ile ile. Saruji hupata nguvu kwa maji, kwa hiyo matofali na zege yamwagiliwe kwa muda wa wiki moja angalau, na kuwekwa kivulini au kufunikwa.

Walio karibu na bahari wasitumie mchanga wa ufukweni. Chumvi yake hurudisha unyevu ukutani, na katika zege huzilisha nondo kutu. Nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mkiona zege la baraza au la nguzo linabanduka na kuacha rangi ya kutu, msilipake lipu. Kutu litaendelea gizani.

6. Kukagua nyumba ya kununua

Mwaka jana kijana mmoja na mkewe walikuja kwangu. Walikuwa wameona nyumba inauzwa, nao walikuwa na akiba ya miaka 9 pamoja na mkopo. "Shikamoo Mwalimu," akasema yule kijana, "tunaomba ukaitazame pamoja nasi, maana wewe umekwisha kuangukiwa na ukuta." Nikamwitikia marahaba, nikacheka, na tukaenda.

Kuta zilikuwa zimepakwa rangi karibuni, lakini katika chumba kimoja rangi ilikuwa mpya nusu ya chini tu. Nilimwomba mwenye nyumba, mzee mwenzangu, ruhusa ya kusogeza meza. Nyuma yake ukuta ulikuwa na unyevu na unga mweupe. Yule mzee hakuficha. Alisema kila mwaka hupiga lipu na rangi mahali pale, na kila mwaka hurudi. Yule kijana alinitazama kwa jicho la kusema twende zetu.

Tukazunguka nje. Chini ya ukuta ule marehemu mkewe alikuwa amepanda maua, na kila mwaka alikuwa akiongeza udongo na mbolea. Bustani ilikuwa imepanda kiasi cha futi moja juu ya sakafu ya ndani. Tulichukua jembe, tukafukua kidogo, na tukaukuta msingi mzima, bila ufa, na tabaka lake la lami likiwa salama chini ya udongo. Nyumba haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imerundikiwa udongo.

Nilishauri waondoe udongo, waache ukuta ukauke, wangoje mvua mbili tatu, kisha twende tena. Tulikwenda tena. Ukuta ulikuwa umeanza kukauka na mstari haukupanda. Waliinunua. Yule mzee aliomba jambo moja tu, kwamba maua yale yahamishiwe karibu na lango, na yapo hapo hata leo.

Nasimulia hili ili mtu asidhani kukagua ni kutafuta sababu ya kukataa. Nyumba yangu ilionekana nzuri kumbe ilikuwa ikizama. Ile ilionekana mbovu kumbe dawa yake ilikuwa kazi ya jembe. Aliyetazama rangi tu angekosea katika zote mbili.

Mkienda kukagua, fuateni hatua hizi:

(a) Nendeni mara mbili, na mara moja iwe mvua inaponyesha au mara tu baada ya mvua.

(b) Anzeni mbali. Simameni hatua 20 kutoka kwenye nyumba, tazameni kama paa limenyooka na kuta zimesimama wima. Chukueni timazi na pima maji.

(c) Fungueni na kufunga kila mlango na dirisha. Fungulieni kila bomba.

(d) Ombeni vitu visogezwe. Mahali penye rangi mpya peke yake paulizwe habari zake.

(e) Waulizeni majirani wa siku nyingi maji yalifika wapi wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na za mwisho wa mwaka 2023. Jirani hana nyumba ya kuwauzia.

(f) Andikeni kila kasoro, na makisio ya gharama ya kuitengeneza, kabla ya kuzungumza bei.

(g) Thibitisheni hati na mipaka katika ofisi ya ardhi, na ulizeni kama jengo lilikuwa na kibali cha ujenzi. Nyumba nzima juu ya kiwanja chenye mgogoro nayo ina ufa.

7. Nani aitwe?

Mambo mengi niliyoeleza mwenye nyumba aweza kuyaona mwenyewe. Lakini msingi uliozama, nguzo zilizopasuka, na jengo lolote la ghorofa ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Gharama yake huumiza, lakini hulipwa mara moja.

Majengo makubwa nayo huonya kabla ya kuanguka. Jumba la Maajabu kule Forodhani, Unguja, lililojengwa mwaka 1883, lilipoteza sehemu ya veranda yake mwaka 2012. Na tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wakafa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa jijini Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaanguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hao wote waliondoka nyumbani asubuhi kama sisi tunavyoondoka. Sisi wenye vyumba vitatu tusiseme hayo ni ya wenye maghorofa.

Mwisho

Chumba kile nilikijenga upya mwaka 2015, msingi wake ukiwa umeshuka hadi kwenye ardhi ngumu, na mifereji ikipeleka maji kwenye tangi. Mama alilala humo mpaka Mungu alipomwita. Kila masika alikuwa akiniita na kuniambia, "Mwalimu, njoo usome ukuta wako." Nami nilikuwa nikienda na penseli, hata pasipo ufa.

Basi ndugu, methali yetu haijakosea. Ufa na uzibwe. Lakini kwanza uulizwe: umeanza lini, unakwenda wapi, na maji yako yanatoka wapi? Na kama kuna mtu ndani ya nyumba anayelala karibu nao, awe mama mzee au mtoto, aulizwe yeye kwanza, kwa sababu yeye anausikia usiku.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Pima urefu na upana wa paa la nyumba yako. Mvua ya milimeta 30 ikinyesha, ni lita ngapi zitaanguka, na zitakwenda wapi?

2. Zunguka nyumba yako leo. Ni mahali gani ardhi inainamia ukutani badala ya kuinamia nje?

3. Kuna ufa gani nyumbani mwako uliozibwa zaidi ya mara moja? Andika miaka yake.

4. Soma Walawi 14:33–53. Kwa nini vitu vilitolewa nje kabla ya kuhani kuingia? Nyuma ya kabati lako kuna nini?

5. Katika mtaa wetu ni wajane na wazee gani ambao hawana mtu wa kuwakagulia nyumba kabla ya masika? Kikundi chenu kitakwenda kwa nani kwanza, na siku gani?